Álvar Núñez Cabeza de Vaca: Mkuu Aliyejifunza kwa Kuwa Mtumwa

Wanafunzi wetu husoma katika historia majina ya Wahispania waliovuka bahari na kuziteka nchi za Amerika: Cortés aliyeuteka ufalme wa Meksiko, na Pizarro aliyeuteka ule wa Peru. Watu hao hukumbukwa kwa vita na kwa dhahabu. Katika somo hili tutamtazama Mhispania mwingine wa siku zilezile, ambaye hakuteka ufalme wowote, wala hakurudi kwao na mali. Alikwenda kutawala, akafanywa mtumwa. Alikwenda na farasi na silaha, akarudi kwa miguu, hana hata nguo. Walakini habari zake zinastahili kufundishwa, kwa maana zinaonyesha wazi kwamba mgeni aweza kuingia katika nchi ya watu kwa njia mbili, na kwamba wenyeji hupima dini yake kwa matendo yake kabla ya kuyasikiliza maneno yake.

1. Ukoo wake na ujana wake

Álvar Núñez alizaliwa karibu na mwaka 1490 katika mji wa Jerez de la Frontera, kusini ya Hispania. Jina la Cabeza de Vaca, maana yake Kichwa cha Ng'ombe, alilipata kwa ukoo wa mama yake, nao walikuwa watu wa heshima. Babu yake, baba wa baba yake, aliitwa Pedro de Vera. Huyo ndiye aliyeteka kisiwa cha Gran Canaria, na ndiye aliyewauza utumwani wenyeji wa kisiwa cha Gomera. Hivyo kijana Álvar alikua katika nyumba ambamo kuteka nchi za wengine kulihesabiwa kuwa sifa. Alipokuwa mtu mzima akawa askari, akapigana katika Italia mwaka 1512.

2. Safari ya kutafuta dhahabu

Tarehe 17 Juni 1527, merikebu tano zilitoka bandari ya Sanlúcar de Barrameda zikiwa na watu kama 600. Mkuu wao alikuwa Pánfilo de Narváez, ambaye mfalme alikuwa amempa ruhusa ya kuiteka nchi ya Florida na pwani yote inayoelekea Meksiko. Cabeza de Vaca alikuwa mtunza hazina: kazi yake ilikuwa kuangalia kwamba mfalme apata fungu lake katika kila mali itakayopatikana.

Masumbuko yalianza mapema. Katika kisiwa cha Hispaniola watu zaidi ya 140 waliiacha safari. Huko Kuba tufani kubwa ilizamisha merikebu mbili, pamoja na watu 60 na farasi 20. Mashua ndogo ya merikebu moja ilikutwa baadaye juu ya miti.

Mwezi wa Aprili 1528 walifika Florida. Narváez alitaka kuwapeleka askari bara na kuziacha merikebu zitafute bandari. Cabeza de Vaca alimwonya asitengane na merikebu zake kabla ya kujua bandari iko wapi. Hakusikilizwa. Watu 300 wakaenda bara, kila mmoja na posho ya ratili mbili za biskuti na nusu ratili ya nyama ya nguruwe. Merikebu zile hawakuziona tena.

Walikuwa wameambiwa kwamba katika nchi ya Apalachee iko dhahabu nyingi. Walipofika huko mwezi wa Juni, waliona nyumba 40 na mashamba ya mahindi, basi. Wakawashika wanawake na watoto, kisha wakamzuia mkuu mmoja wa wenyeji. Wenyeji nao wakachoma moto nyumba zao wenyewe, wakaanza kuwapiga Wahispania kwa mishale, porini na katika vinamasi. Ndivyo ilivyokuwa njia ya kwanza ya kuingia katika nchi ya watu.

3. Mashua tano

Wakiwa wagonjwa na wenye njaa walifika pwani, wakakata shauri la kuondoka kwa bahari. Lakini hawakuwa na vyombo vya kazi. Walitengeneza mivukuto kwa ngozi za paa na mabomba ya mti. Wakayeyusha chuma cha pinde zao na cha vikuku vya farasi, wakapata misumari, misumeno na mashoka. Kwa singa za farasi walisokota kamba; kwa mashati yao walishona matanga. Kila siku ya tatu walichinja farasi mmoja wapate kula. Hivyo silaha zote za kutekea nchi ziligeuzwa kuwa vyombo vya kuokolea roho zao.

Tarehe 22 Septemba 1528, watu 242 waliingia katika mashua tano, wakaandama pwani kuelekea magharibi. Maji ya kunywa yaliwaishia. Watu watano walikunywa maji ya bahari, wakafa. Walipokwisha kupita mahali ambapo mto mkubwa wa Mississippi waingia baharini, mashua zilitawanyika. Cabeza de Vaca alimwomba Narváez amtupie kamba, kwa maana mashua ya mkuu ilikuwa na wavuta makasia wenye nguvu zaidi. Narváez akajibu kwamba wakati wa kuamuru na kuamriwa umekwisha, na kila mtu ajiponye mwenyewe. Akaenda zake, akapotea baharini.

4. Wenyeji waliowalilia wageni

Tarehe 6 Novemba 1528 wimbi kubwa liliitupa mashua ya Cabeza de Vaca ufukweni mwa kisiwa kimoja, katika nchi iitwayo leo Texas. Wenyeji waliokuja wakiwa na pinde zao waliwaona wageni hawana nguvu hata ya kusimama. Wakawaletea samaki na mizizi ya kula. Wahispania walijaribu kuondoka tena. Walivua nguo zao, wakaziweka katika mashua, wakaisukuma majini. Lakini mawimbi yaliipindua, watu watatu wakafa maji, na nguo zote zikapotea. Waliosalia walibaki uchi kabisa katika baridi kali.

Jioni wenyeji walirudi na chakula kama walivyoahidi. Walipoona mambo yaliyowapata wageni, waliketi chini kati yao, wakalia kwa sauti kubwa muda wa nusu saa na zaidi. Cabeza de Vaca akawaomba wawachukue nyumbani kwao. Baadhi ya wenzake waliogopa, wakidhani watatolewa kuwa sadaka ya sanamu. Kumbe wenyeji waliwasha mioto mikubwa kando ya njia, mahali mbalimbali, ili wageni wasife kwa baridi kabla ya kufika. Waliwabeba kutoka moto huu mpaka ule, wakawaingiza katika nyumba waliyowatengenezea.

Tutafakari jambo hili. Wahispania waliwaita watu hao washenzi. Lakini majira yale ya baridi, Wahispania watano waliokaa peke yao pwani walikula wenzao waliokufa, mpaka akabaki mmoja. Wenyeji walipopata habari hiyo walichukizwa mno. Kati ya wageni 80 waliofika kisiwani, walisalia 15 tu. Kisha ugonjwa wa tumbo uliwashika wenyeji, nusu yao wakafa. Wengine walifikiri kwamba wageni ndio waliowaua, wakataka kuwaua nao. Ndipo mwenyeji mmoja, aliyekuwa amempokea Cabeza de Vaca, akasema: ikiwa watu hawa wana uwezo wa kuua, mbona hawakuweza kuwaponya wenzao wengi waliokufa? Kwa maneno hayo ya akili waliokolewa.

5. Mtumwa, mchuuzi na mganga

Maisha yake kisiwani yalikuwa magumu. Alifanywa mtumwa wa kuchimba mizizi chini ya maji, kati ya matete, hata vidole vyake vikawa vikitoka damu kila vilipoguswa na jani. Baadaye alihamia bara, akawa mchuuzi. Kutoka pwani alichukua kombe na vitu vya baharini, akavipeleka kwa watu wa bara; huko alipata ngozi, udongo mwekundu wa kujipaka, na mawe magumu ya kutengenezea ncha za mishale. Makabila yaliyopigana vita yaliweza kubadilishana vitu kwa mkono wake, kwa sababu hakuwa wa upande wowote. Kazi hiyo ilimfaa, kwani ilimpa uhuru wa kutembea, naye akajifunza njia na desturi za nchi.

Mbona hakuondoka mara moja? Kwa sababu kisiwani alibaki Mhispania mwenzake, Lope de Oviedo. Kila mwaka alirudi kumwita waondoke pamoja, na kila mwaka Lope alimwambia angoje. Mwishowe alimtoa, akamvusha maji, kwa maana Lope hakujua kuogelea. Lakini waliposikia vitisho vya watu wa mbele, Lope aliogopa, akarudi nyuma. Cabeza de Vaca akaendelea peke yake.

Ndipo alipowakuta wenzake watatu waliosalia, nao watumwa pia: Andrés Dorantes, Alonso del Castillo, na Esteban. Huyu Esteban alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa mji wa Azemmour katika Moroko, aliyeletwa na Dorantes kama mtumwa wake. Walipatana kutoroka wakati wa kuiva matunda ya mti mmoja wa miiba, ambapo makabila yalikusanyika kuyala. Mwaka wa kwanza wenyeji waligombana, wakatengana, ikawapasa kungoja mwaka mzima tena. Katika mwezi wa Septemba 1534 walifaulu.

Katika miaka hiyo ya mateso, alipokata kuni katika pori la miiba na damu ikamtoka mwilini, aliandika kwamba faraja yake ilikuwa moja: kukumbuka mateso ya Bwana wetu Yezu Kristu na taji lake la miiba.

Sasa tutazame kazi yao ya uganga. Kwanza hawakuitaka. Wenyeji wa kisiwani waliwalazimisha kuponya wagonjwa, wakawanyima chakula mpaka wakubali. Basi walifanya ishara ya msalaba juu ya mgonjwa, wakampulizia, wakasali Baba Yetu na Salamu Maria, wakamwomba Mungu awape afya. Wagonjwa walisema kwamba wamepona. Mara moja Cabeza de Vaca aliletewa mtu mwenye ncha ya mshale kifuani tangu zamani. Alipasua kwa kisu, akaitoa ncha ile kwa shida kubwa, akashona jeraha mishono miwili kwa mfupa wa paa. Mtu yule akapona. Habari ikaenea, na kila kijiji kikawaongoza hadi kijiji cha mbele. Waswahili husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hao wanne waliingia kwa njia ya pili, mikono mitupu, nchi ikawafungukia.

6. Wakristo wa namna mbili

Walitembea kuelekea machweo ya jua, wakivuka Texas na kaskazini ya Meksiko. Nyakati nyingine watu elfu tatu au nne waliwafuata. Wageni hawakujiwekea mali. Walichopewa waliwagawia waliofuatana nao. Katika kijiji kimoja walipewa mioyo ya paa zaidi ya 600. Kwa hiyo wakakiita kijiji hicho Mioyo.

Mwanzo wa mwaka 1536 waliona shingoni mwa mwenyeji mmoja kifungo cha mkanda wa upanga na msumari wa kwato za farasi. Wakajua kwamba Wahispania wenzao wako karibu. Walifurahi, lakini kadiri walivyosogea ndivyo walivyoona nchi imekuwa ukiwa. Mashamba mazuri hayakulimwa, vijiji vilikuwa vimechomwa, na watu walijificha milimani wakila magome ya miti. Askari wa Nuño de Guzmán, gavana wa sehemu ile, walikuwa wakiwawinda watu wawauze utumwani.

Walipokutana na askari hao, mkubwa wao, Diego de Alcaraz, alitaka kuwakamata wenyeji waliofuatana na wale wanne. Cabeza de Vaca alikataa, wakagombana naye. Alcaraz akawaambia wenyeji, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba watu hawa wanne ni Wahispania kama yeye, ila ni watu wanyonge waliopotea, na yeye ndiye bwana wa nchi.

Wenyeji hawakusadiki. Walijibu kwamba askari wanasema uongo. Hao wanne walitoka maawio ya jua, na askari machweo. Hao waliponya wagonjwa, askari waliua wazima. Hao walikuja uchi na bila viatu, askari kwa nguo na farasi na mikuki. Hao walitoa kila walichopewa, askari waliiba kila walichokiona. Itawezekanaje, basi, kwamba ni watu wamoja?

Neno hili ndilo moyo wa somo letu. Damu yao ilikuwa moja na ubatizo wao mmoja. Lakini wenyeji, ambao hawakujua kusoma katekisimu, walihukumu kwa matunda, nao hawakukosea. Cabeza de Vaca mwenyewe aliandika baadaye kwamba watu hao, ili wavutwe kwenye imani na kumtii mfalme, wapaswa kutendewa kwa wema, na kwamba hakuna njia nyingine iliyo ya hakika. Alcaraz aliwatuma wale wanne mbali chini ya ulinzi, ili apate kuwashambulia wenyeji. Huko Culiacán mkuu mwingine, Melchior Díaz, aliwapokea kwa machozi, na kwa msaada wao wenyeji walirudi katika vijiji vyao.

Mwezi wa Julai 1536 walifika mji wa Meksiko, wakapokewa kwa heshima. Kwa siku nyingi Cabeza de Vaca hakuweza kuvumilia nguo mwilini, wala kulala ila chini. Mwaka 1537 alirudi Ulaya. Mwaka huohuo, tarehe 2 Juni, Baba Mtakatifu Paulo III alitoa barua iitwayo Sublimis Deus, akitangaza kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kweli, na kwamba hairuhusiwi kuwanyang'anya uhuru wao wala mali yao. Maneno ya Baba Mtakatifu na maisha ya msafiri huyu yalishuhudia ukweli mmoja.

7. Cheo kinapomrudia mtu

Ni rahisi kuwa mpole mtu anapokuwa hana nguvu. Jaribio lenyewe huja anapopewa mamlaka. Mwaka 1540 mfalme alimfanya Cabeza de Vaca kuwa gavana wa Río de la Plata, nchi ambayo sehemu yake leo huitwa Paragwai. Mwaka 1541 alishuka pwani ya Brazili, akaenda kwa miguu na watu 250 na farasi 26 hadi mji wa Asunción, akafika tarehe 11 Machi 1542. Njiani alikuwa Mzungu wa kwanza kueleza habari za maporomoko makubwa ya Iguazú. Kila chakula alichopewa na Waguarani alikilipia kwa visu na vitu vingine, akawakataza askari wasiingie katika nyumba za wenyeji.

Huko Asunción aliwakuta walowezi waliozoea kuwatumikisha Waguarani na kuchukua wanawake wao. Aliyakataza maovu hayo, wakamchukia. Hatusemi kwamba alikuwa bila lawama. Yeye pia alipiga vita kabila la Waguaikuru, na safari yake ya kupanda mto kutafuta njia ya kwenda kwenye madini ilishindwa kwa njaa na homa. Aliporudi mgonjwa, maofisa wa mfalme walimkamata usiku wa tarehe 25 Aprili 1544, wakipiga kelele za uhuru; lakini uhuru walioutaka ulikuwa wa kuendelea kuwaonea wengine. Walimfunga karibu mwaka mzima, kisha wakampeleka Hispania katika minyororo. Mwaka 1551 baraza la mfalme lilimvua vyeo vyake na kumkataza asirudi Amerika kamwe. Alikufa katika Hispania mwishoni mwa miaka ya 1550, hana mamlaka wala utajiri. Vitabu vyake, kilichotoka kwanza mwaka 1542 na cha pili mwaka 1555, vinasomwa hata leo.

8. Tusimsahau Esteban

Katika safari ile ndefu Esteban ndiye aliyesema na wenyeji daima, akauliza njia, vijiji na habari zote. Bila ulimi wake wenzake wasingalifika. Cabeza de Vaca mwenyewe amekiri hayo katika kitabu chake. Jangwani wote wanne walikuwa sawa: njaa moja, uchi mmoja, sala moja. Walipofika Meksiko, watatu walirudi kuwa mabwana, naye Esteban akabaki mtumwa. Mwaka 1539 alitumwa kaskazini, atangulie kumwongoza Padri Marcos wa Niza, Mfransisko. Akauawa katika kijiji cha Hawikuh cha watu wa Zuni. Yule aliyewatetea wenyeji mbele ya Alcaraz hakuandika neno moja la kumwombea uhuru mwenzake. Hapa twaona jinsi macho ya mtu yaweza kufunguka upande mmoja, na kubaki yamefumba upande wa pili, mahali pa karibu zaidi.

9. Mafundisho

Kwanza: utu hauletwi na nguo, wala silaha, wala cheo. Wenyeji waliowalilia wageni kisiwani walitimiza amri ya mapendo kabla ya kuisikia.

Pili: anayefundisha dini na huku akidhulumu huwafukuza watu kwa mkono mmoja, akiwaita kwa mkono wa pili.

Tatu: mwenye mamlaka, awe mkubwa wa kijiji, mwalimu shuleni, au baba nyumbani mwake, na akumbuke siku alizokuwa mnyonge. Zaidi ya hayo, na ajiulize ni nani aliye karibu naye kama Esteban, ambaye hutumia kazi yake kila siku, wala haangalii haki yake.

Maswali

1. Cabeza de Vaca alikuwa na kazi gani katika safari ya Narváez?
2. Wahispania walitengeneza nini kwa pinde, vikuku na singa za farasi?
3. Wenyeji walifanya nini walipoona msiba wa wageni?
4. Taja tofauti nne ambazo wenyeji waliona kati ya askari wa Alcaraz na wasafiri wanne.
5. Kwa nini walowezi wa Asunción walimchukia gavana wao?
6. Esteban aliwasaidiaje wenzake, naye alipata malipo gani?
7. Wenyeji walihukumu kwa matunda. Je, watu wa kijiji chako, wakitazama matendo yako tu, watajua kwamba u mfuasi wa nani?